Kompyuta ya gemu: Mtaji hupotea kwenye pawa saplai

WANUNUZI wengi wa kompyuta ya kwanza ya kuchezea gemu huanza na kadi ya picha, wakaja kwenye prosesa, na fedha inayobaki mwishoni ndiyo hutafutiwa pawa saplai, yaani kile kisanduku cha ndani ya kasha kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa vifaa vingine vyote. Mpangilio huo una hasara kwa watu wa aina mbili. Wa kwanza ni muuzaji wa vipuri, ambaye hurudishiwa bidhaa nzima pamoja na malalamiko. Wa pili ni mwekezaji mdogo aliyetoa akiba yake kufungua chumba cha gemu chenye mashine tatu au nne, ambaye mashine ikizima hana cha kumtoza mteja.

Ubaya wa kifaa hiki ni kwamba kikifa, mara nyingi hakifi peke yake. Kadi ya picha ikiungua, mazabodi hubaki. RAM ikiharibika, hubadilishwa na kazi ikaendelea. Lakini pawa saplai isiyo na kinga inaweza kupitisha umeme uliozidi kiwango hadi kwenye mazabodi, diski na kadi kwa wakati mmoja. Hapo mnunuzi aliyeokoa fedha kidogo dukani hujikuta akinunua kompyuta upya.

Bidhaa zenyewe zinafanana kwa macho. Pawa saplai mbili zinaweza kukaa rafu moja, zote zimeandikwa wati 500 kwa herufi kubwa, moja ikauzwa mara tatu ya bei ya nyingine. Mnunuzi asiyejua huona anaibiwa kwenye ile ya bei kubwa. Tofauti imo kwenye kibandiko cha ubavuni, ambacho wauzaji wengi wenyewe hawakisomi.

Kibandiko hicho huonyesha njia kadhaa za umeme: volti 3.3, volti 5 na volti 12, pamoja na njia mbili ndogo zisizo na uzito katika hesabu hii. Chini ya kila njia huandikwa ampea zake. Zamani, mfumo wa ATX ulipoanzishwa na Intel mwaka 1995, sehemu kubwa ya kompyuta ilitumia volti 5 na 3.3. Mambo yalibadilika kuanzia mwaka 2000 ilipotoka prosesa ya Pentium 4, iliyoongezewa plagi yake ya volti 12. Leo prosesa na kadi ya picha, ambavyo ndivyo walaji wakubwa, huchukua karibu umeme wao wote kwenye volti 12. Kwa hiyo mwenye kununua kompyuta ya gemu hana haja ya kubishana juu ya ile namba kubwa ya kwenye boksi. Atafute ampea za volti 12, azizidishe kwa 12, apate wati za kweli.

Mathalani, kibandiko kikionyesha ampea 18 kwenye volti 12, hesabu ni wati 216. Namba 500 iliyo juu ya boksi imepatikana kwa kujumlisha njia za volti 5 na 3.3 ambazo kompyuta ya sasa haizitumii sana, na wakati mwingine haikupatikana popote. Pawa saplai ya wati 500 ya halali huonyesha ampea 38 au zaidi kwenye volti 12, yaani wati 456 na kuendelea. Kuna vibandiko vinavyogawa volti 12 katika njia mbili, ya kwanza na ya pili. Hizo hazijumlishwi hivi hivi. Huangaliwa kiwango cha pamoja, ambacho mtengenezaji mwaminifu hukiandika. Kisipoandikwa, hiyo nayo ni habari.

Ukubwa unaotakiwa si mkubwa kama wengi wanavyodhani. Tuchukue kompyuta ya kuanzia yenye kadi ya Radeon RX 6600 iliyotoka mwaka 2021, ambayo hula wati 132, na prosesa ya Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022, iliyopimwa wati 65 ingawa inaweza kufika 76 ikibanwa. Mazabodi, RAM, diski na feni tuvikadirie wati 50. Jumla ni wati 258. AMD wenyewe hushauri pawa saplai ya wati 450 kwa kadi hiyo. Kwa GeForce RTX 4060 ya mwaka 2023, inayokula wati 115 tu, Nvidia hushauri 550. Kampuni hizi hujiwekea akiba kubwa kwa sababu hazijui mnunuzi atafunga saplai ya namna gani. Pawa saplai ya kweli ya wati 500 au 550 inazitosha kompyuta zote mbili na kubakiza nafasi.

Sababu nyingine ya akiba hiyo ni kwamba kadi ya picha haili umeme kwa utulivu. Picha ikibadilika ghafla kwenye gemu, kadi huweza kuvuta kwa muda mfupi kupita kufumba na kufumbua kiasi kinachozidi sana wastani wake. Pawa saplai dhaifu huona hapo kuna hatari na kuzima mashine yote, na mchezaji hulaumu gemu. Kanuni mpya za Intel za mwaka 2022, zinazoitwa ATX 3.0, zinazitaka saplai zenye plagi mpya ya kadi kuhimili mara mbili ya kiwango chake kwa maikrosekunde 100. Mwenye kununua kadi kubwa aulizie alama hiyo au ile ya 3.1 iliyofuata. Kwa kadi za wati 115 au 132 si lazima.

Kosa la upande wa pili lipo pia. Wapo vijana wanaosikia kuwa pawa saplai ni muhimu, wakanunua ya wati 850 kwa ajili ya kadi ya wati 115. Kiasi hicho ndicho Nvidia walichoshauri kwa RTX 4090 ya mwaka 2022, kadi ya wati 450 ambayo si ya kompyuta ya kwanza. Fedha hiyo ingefanya kazi zaidi kwenye diski au kadi.

Umeme wa ukutani ndio mahali ambapo ushauri wa magazeti ya Ulaya na Marekani humwacha mnunuzi wa huku njiani. Umeme wa Afrika Mashariki ni wa volti 230 hadi 240, na Marekani ni volti 120. Pawa saplai nyingi za zamani na za bei nafuu zina swichi ndogo nyekundu nyuma, yenye namba 115 upande mmoja na 230 upande mwingine. Zikija kwenye shehena ya mtumba kutoka Marekani, swichi huwa imeachwa kwenye 115. Mnunuzi akichomeka hivyo kwenye umeme wa huku, mlio husikika sekunde ile ile na biashara imekwisha. Muuzaji wa mtumba anayejali jina lake huzigeuza swichi hizo zote kabla ya kuziweka rafuni. Ni kazi ya dakika chache.

Saplai zilizo bora zaidi hazina swichi hiyo kabisa. Kwenye kibandiko zimeandikwa kuwa zinapokea volti 100 hadi 240, na karibu nazo huwa na herufi APFC, ambazo maana yake ni kwamba kifaa hurekebisha chenyewe namna kinavyovuta umeme. Faida yake kwa maeneo ambayo umeme hushuka jioni ni kubwa kuliko inavyosemwa madukani. Umeme ukishuka hadi volti 170, saplai yenye swichi huyumba au kuzima, wakati yenye kupokea 100 hadi 240 huendelea kama vile hakuna kilichotokea. Kwa mwenye chumba cha gemu, ambaye saa zake za wateja ndizo hizo hizo za jioni, sifa hiyo peke yake inalipa tofauti ya bei.

Haikingi, hata hivyo, dhidi ya umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika, wala dhidi ya radi. Kwa hilo kinga ya umeme bado inahitajika, na kuzima ukutani umeme unapokatika kunasaidia kuliko vifaa vingi vinavyouzwa.

Kuhusu UPS, kuna mitego miwili. Kwanza, namba iliyoandikwa si wati. UPS ya VA 650 kwa kawaida hutoa wati 360 hadi 390 tu, na hiyo ni kwa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima. Si kifaa cha kuendeleza gemu. Pili, UPS za bei ya chini hutoa umeme wenye mawimbi ya ngazi badala ya mawimbi laini, na baadhi ya saplai zenye APFC huzima wakati UPS inapochukua zamu. Mnunuzi wa vyote viwili afanye jaribio dukani: kompyuta iwashwe, gemu ichezwe, kisha plagi ya UPS ichomolewe ukutani. Dakika tano hizo muuzaji asizione kuwa ni usumbufu, kwani anayerudi na malalamiko hula muda zaidi.

Alama ya 80 PLUS, ambayo utaratibu wake ulianza mwaka 2004, hupotosha watu kwa njia ya peke yake. Shaba, Fedha, Dhahabu, Platinamu na Titaniamu ni viwango vya kutopoteza umeme, wala si vya uimara. Kwa vipimo vya volti 115, Shaba hufikia asilimia 85 mzigo ukiwa nusu, na Dhahabu asilimia 90. Ni kweli kwamba mtengenezaji anayefikia viwango hivyo kwa kawaida huwa ametumia vipuri vizuri, na kwa sababu hiyo alama hiyo ni dalili njema. Alama yenyewe pia hughushiwa, kwa kuwa ni picha tu ya kubandika.

Je, Dhahabu inalipa? Tuseme kompyuta inatumia wati 250 ndani, saa 10 kwa siku, na uniti moja ya umeme ni Sh. 350. Yenye Shaba itavuta ukutani wati 294, yenye Dhahabu wati 278. Tofauti ya wati 16 kwa mwaka mzima ni kama uniti 60, sawa na Sh. 21,000. Kwa mtu anayecheza nyumbani saa mbili baada ya kazi, akiba hiyo haifiki Sh. 5,000, na Shaba inamtosha kabisa. Mwenye chumba chenye mashine tano ataokoa zaidi ya Sh. 100,000 kwa mwaka kama mashine zote zinafanya kazi muda huo wote, na kwake hesabu inabadilika. Saplai isiyo na alama yoyote, kama inafikia asilimia 70 tu, itamla mwenye mashine moja Sh. 80,000 zaidi ya Shaba kwa mwaka huo huo. Urahisi wa bei yake umeishia hapo.

Plagi nazo zina hesabu yake. Tundu la kadi kwenye mazabodi hutoa wati 75. Plagi ya pini 6 huongeza 75, ya pini 8 huongeza 150. Saplai ikikosa plagi ya pini 8, fundi wa mtaani hutoa waya wa kubadilishia kutoka kwenye plagi ya diski ya SATA. Waya huo usinunuliwe. Plagi ya SATA imewekewa ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54, na kuibebesha 75 au 150 ni kuomba moto. Plagi mpya ya pini 16 iliyokuja mwaka 2022 inaruhusiwa hadi wati 600. Baada ya baadhi yake kuyeyuka kwenye kadi za RTX 4090, ilifanyiwa marekebisho mwaka 2023. Isukumwe hadi mwisho, bila kupindwa karibu na kichwa.

Jambo moja linawahusu hasa wenye maduka. Saplai zenye waya za kuchomoa zina waya ambazo mwisho mmoja, ule wa upande wa saplai, hauna mpangilio wa pamoja. Waya wa kampuni moja huingia vizuri kwenye saplai ya kampuni nyingine na kupeleka volti 12 mahali pa volti 5. Diski hufa papo hapo, na taarifa zake huenda nazo. Duka linalotupia waya zote kwenye boksi moja linajitengenezea kesi.

Kwa upande wa mtumba, soko la Afrika Mashariki limejaa kompyuta za ofisi za Dell na HP zinazouzwa kwa bei ya kuvutia, na wengi hupanga kununua moja na kuiongezea kadi ya gemu. Kinachowakwamisha ni pawa saplai. Dell OptiPlex 9020 ya mwaka 2013, kwa mfano, hata ile ya kasha kubwa, ina saplai ya wati 290, na plagi yake ya mazabodi ni ya pini 8 ya Dell wenyewe badala ya pini 24 za kawaida. Saplai ya dukani haiingii bila waya maalumu wa kubadilishia. Makasha membamba ni magumu zaidi, kwani hupokea kadi fupi tu. Kadi inayofaa mashine hizo bila kugusa saplai ni ile isiyozidi wati 75 na isiyo na plagi ya ziada, kama baadhi ya matoleo ya GTX 1650 ya mwaka 2019.

Aidha, mnunuzi ajue kwa nini mashine hizo zimeshuka bei. Microsoft walikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kanuni zake haikubali prosesa za Intel za kizazi cha chini ya cha nane. OptiPlex 9020 ni ya kizazi cha nne. Mashine itaendelea kuwaka, lakini anayeinunua kwa nia ya kuiuza tena baadaye anashika bidhaa inayoelekea chini.

Kadi za mtumba zina historia yake. Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa sarafu ya Ethereum uliacha kutumia kadi za picha katika kuzalisha sarafu, na kadi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikamwagwa sokoni duniani kote. Si zote mbovu. Kadi iliyofanya kazi hiyo mara nyingi huwa imechoka feni na kukauka dawa ya joto, vitu ambavyo hubadilishwa. Zilizo hatari ni za aina tatu: zilizobadilishwa programu ya ndani, ambazo huzima gemu ikianza, zile zilizotengenezwa kwa ajili ya sarafu tu, kama P106-100, ambazo hazina hata tundu la kuchomeka skrini, na kadi kuukuu zilizowekewa jina la kadi mpya. Programu ya bure ya GPU-Z hutambua nyingi za aina hiyo ya tatu. Muuzaji anayekataa isiwashwe mbele ya mnunuzi ameshajibu swali.

Sehemu nyingine hazina mengi. Prosesa ya Intel yenye herufi F mwishoni, kama Core i5-12400F, haina picha yake yenyewe. Bila kadi, skrini hubaki nyeusi, na mashine nyingi zimerudishwa dukani kwa sababu hiyo tu. Mwenye mtaji mdogo anaweza kuanza na Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021, ambayo ina picha ndani na huendesha gemu nyepesi, akafunga tangu mwanzo pawa saplai nzuri ya wati 550, na kadi akainunua mauzo yakiruhusu. Njia hiyo ndiyo yenye hatari ndogo kwa mwekezaji mdogo, ingawa haiwapendezi vijana wanaotaka kila kitu siku ya kwanza. Diski iwe SSD. Kasha liwe na feni mbele na nyuma, hasa Pwani, ambako joto na vumbi la chumvi huila feni mapema.

RAM ndiyo iliyovuruga bajeti za wengi. Kuanzia robo ya mwisho ya mwaka 2025 bei zake zilipanda kwa kasi duniani, baada ya viwanda kuelekeza uzalishaji kwenye kompyuta kubwa za akili bandia, na mwezi Desemba 2025 Micron walitangaza kuachana na biashara ya rejareja ya jina la Crucial. Prosesa za soketi ya AM4, pamoja na 5600 na 5600G, hutumia DDR4, ambayo inapatikana pia mtumba kutoka kwenye kompyuta za ofisi zilizovunjwa. Soketi ya AM5, iliyotoka mwaka 2022, hupokea DDR5 pekee. Mwenye duka anayevunja mashine kwa ajili ya vipuri azitenge RAM za DDR4 za kompyuta ya mezani mbali na zile fupi za laptopu, azijaribu moja moja, na aziuze kwa jozi. Mnunuzi wa GB 16 apate vipande viwili vya 8, kwani kipande kimoja hupunguza kasi ya gemu, hasa kwa prosesa yenye picha ndani.